Mpangaji anapohama, nani alipe taka, mlinzi na king'amuzi?

Mpangaji anapoingia kwenye nyumba mpya, mazungumzo yake na mwenye nyumba huwa mafupi. Kodi ni kiasi gani, inalipwa kwa miezi mingapi, umeme ni wa kujitegemea au wa kuchangia, maji yanatoka kila siku au kwa mgawo. Wakikubaliana, dalali anapewa chake na funguo zinatolewa.

Huduma nyingine huingia baadaye, moja baada ya nyingine. Mlinzi wa usiku wa kuchangia, gari la taka, dishi juu ya bati, intaneti ya watoto kufanyia kazi za shule, pampu ya kupandisha maji kwenye tangi, kijana wa kufagia uani. Kwa kuwa kila moja inaonekana ndogo, hakuna anayeiandika kwenye mkataba.

Ugomvi wake huja siku ya kuhama. Mwenye nyumba anadai miezi miwili ya taka. Mpangaji anasema mlinzi alishalipwa hadi mwisho wa mwezi, hivyo arudishiwe chenji. Mwingine anataka kushusha dishi, anaambiwa aliache kwa sababu lilitobolea ukuta. Wakati huo mizigo ipo kwenye Kirikuu na watoto wamekaa juani wakisubiri.

Kwa familia yenye watoto, hasara ya ugomvi huu inazidi shilingi zinazogombaniwa. Maji yakikatwa wiki ya mwisho, mtoto haogi na vyombo havioshwi. Taka zikikosa mwenyewe, zinaoza jirani na mlango wa familia inayobaki. Ndiyo maana wazazi wanaopanga, na wazazi wenye nyumba pia, wanapaswa kujua wajibu wa kila upande unaanzia wapi na kuishia wapi.

Huduma ya nyumba na huduma ya mtu

Njia rahisi ya kuamua ni kuuliza swali moja: huduma hii imesajiliwa kwa jina la nani?

Mita ya maji na mita ya umeme zimefungwa kwenye nyumba. Mpangaji akiondoka, zinabaki. Akaunti ya maji mara nyingi ina jina la mwenye nyumba, na ujumbe wa bili huingia kwenye simu yake. Deni likiachwa, mamlaka ya maji haimtafuti aliyehama. Inakata maji kwenye nyumba, na anayeumia ni mpangaji mpya na wanawe.

King'amuzi, intaneti na laini ya simu iliyomo ndani ya ruta ni huduma za mtu. Zimesajiliwa kwa jina la aliyezinunua na zinaweza kuhama naye. Mwenye nyumba hana wajibu wa kuzilipia, na hana haki ya kuzizuia zibaki.

Kundi la tatu ndilo lenye utata: mlinzi, taka, usafi wa uani, taa za nje na umeme wa pampu. Hizi ni huduma za pamoja. Zinamhudumia mpangaji akiwepo, na zinaendelea baada ya yeye kuondoka. Wajibu hapa unategemea makubaliano, na kama huduma ilihesabiwa ndani ya kodi au ilichangiwa pembeni.

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, haitaji king'amuzi wala gari la taka. Lakini ina masharti ambayo huhesabiwa kuwa yamo kwenye upangaji hata kama hayakuandikwa. Moja ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake anatakiwa kuachwa akae kwa amani, bila kusumbuliwa na mwenye nyumba, kwa muda wote wa upangaji. Jingine ni kwamba pale mpangaji anapokodi sehemu tu ya jengo, mwenye nyumba ndiye anayetunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na mifumo inayotumiwa na wote.

Mpangaji naye ana wajibu wake: kulipa kodi kwa wakati, kutunza nyumba na kuirudisha katika hali nzuri.

Notisi haizimi pampu

Kosa la kwanza hutokea pale mpangaji anapotoa taarifa kwamba anahama. Baadhi ya wenye nyumba huanza kumhesabu kuwa ameshaondoka. Pampu inawashwa mara moja kwa siku mbili, mlinzi anaambiwa asimfungulie geti usiku, au LUKU ya pamoja inapoisha anaambiwa anunue peke yake.

Notisi ni taarifa tu. Upangaji unaisha siku iliyoandikwa kwenye notisi au siku ambayo kodi iliyolipwa inaisha, na funguo zikikabidhiwa. Kabla ya hapo, kila kilichokuwa ndani ya kodi kinabaki kuwa haki ya mpangaji. Kama kodi ilihusisha maji ya kisima na mlinzi, mwenye nyumba anawajibika kuvitoa hadi siku hiyo ya mwisho.

Kukata huduma ili kumharakisha mtu aondoke ni kumsumbua katika nyumba aliyoilipia. Hata kama huduma yenyewe inaitwa ya ziada, ikitumika kama fimbo inakuwa jambo jingine.

Kiafya, maji ndiyo yanayouma zaidi. Kuhara ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi wa chini ya miaka mitano duniani, na kinga yake kubwa ni maji safi na mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Nyumba yenye mtoto mchanga ikikaa siku tatu bila maji, familia inaanza kuhifadhi kidogo kidogo kwenye ndoo. Kikombe kimoja kinachotwa na kila mkono, na vijidudu vinapata njia.

Kuna upande wa pili pia. Mpangaji aliyetoa notisi akaacha kuchangia mlinzi na pampu kwa kuwa anahama, naye amekosea. Bado analala hapo na bado anaoga. Mchango wake unaendelea hadi siku anayotoka.

Hesabu ya taka na mlinzi

Michango ya pamoja inagawanyika kwa siku. Hakuna sababu ya kugombana.

Chukua mfano wa familia inayochangia Sh5,000 za taka na Sh10,000 za mlinzi kila mwezi, jumla Sh15,000. Wakihama tarehe 15 katika mwezi wa siku 30, sehemu yao ni Sh7,500. Kama walishalipa mwezi mzima, pande mbili zinaamua: warudishiwe Sh7,500, zikatwe kwenye deni jingine, au ziachwe. Kinachotakiwa ni kukubaliana kabla ya mizigo kupakiwa.

Baada ya hapo, nafasi iliyoachwa wazi ni ya mwenye nyumba. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili, mchango wake wa mlinzi haupaswi kupelekwa kwa aliyehama. Wala si haki kuwagawia wapangaji waliobaki bila kuwauliza. Nyumba inayolindwa ni ya mwenyewe, iwe ina mtu au haina.

Kwa taka, mpangaji anatakiwa kuondoka na zake au kuhakikisha zimechukuliwa. Siku ya kuhama huzalisha taka kuliko mwezi mzima: maboksi, viatu vilivyochakaa, dawa zilizoisha muda, betri na balbu. Kuzirundika nyuma ya choo ni kumwachia mwingine gharama.

Dawa zinahitaji uangalifu wa peke yake. Chupa ya sharubati ya kikohozi au vidonge vilivyotupwa uani vinaweza kuokotwa na watoto wa majirani, ambao huvutiwa na rangi na utamu. Ni salama zaidi kuulizia kwenye duka la dawa au kituo cha afya namna ya kuviteketeza.

King'amuzi, dishi na intaneti

Hapa mwenye nyumba ana wajibu mdogo sana. Kama king'amuzi ni cha mpangaji, anakichukua pamoja na kadi yake na kifurushi alicholipia. Mwenye nyumba hawajibiki kurudisha pesa ya siku zilizobaki kwenye kifurushi, kwa kuwa hakuzipokea yeye.

Hali hubadilika pale nyumba ilipotangazwa kuwa na king'amuzi au intaneti ndani ya kodi. Hapo mwenye nyumba ameuza huduma hiyo pamoja na chumba. Akiikata wiki mbili kabla ya muda kuisha, amempunguzia mpangaji alichokilipia, na mpangaji ana haki ya kudai punguzo. Muda ukiisha, wajibu huo unaisha, na hatakiwi kuendelea kumpa huduma aliyehama.

Dishi, waya na vishikizo vya runinga huleta maneno kwa sababu vimeshikizwa kwenye jengo. Kwa kawaida kilichonunuliwa na mpangaji na kinachoweza kufunguliwa bila kubomoa huondoka naye, mradi azibe matundu. Kinachoharibu ukuta au dari kikitolewa, ni busara kukiacha kwa bei ya kuelewana. Ruhusa ya kutoboa ikiombwa kwa ujumbe wa simu siku ya kufunga dishi, ujumbe huo huo unamaliza ubishi miaka miwili baadaye.

Intaneti ina hatari ambayo wazazi wengi hawaifikirii. Ruta nyingi za majumbani zinatumia laini ya simu, na laini hiyo imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA ya mtu. Kumwachia mpangaji mpya au mwenye nyumba ruta hiyo ni kumwachia jina lako. Akiitumia vibaya, wa kwanza kutafutwa ni aliyesajiliwa.

Anayehama aichukue ruta yake au akafute usajili wa laini. Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na kuona kama kuna aliyoisahau kwenye nyumba ya zamani.

Kama intaneti ni ya mwenye nyumba, naye abadilishe nywila baada ya mpangaji kuondoka. Simu za watoto waliohama huendelea kuikumbuka, na wakipita kumsalimia rafiki wanajikuta wameunganishwa.

Nyumba inapokaa tupu

Kuna gharama zinazoongezeka hata kama hakuna mtu ndani. Kodi ya jengo ni mojawapo. Tangu Agosti 2021 kodi hii inakatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sh7,500 kwa kila sakafu kwa jengo la ghorofa.

Nyumba ikikaa tupu miezi minne bila umeme kununuliwa, makato hayo yanajilimbikiza. Mpangaji mpya ananunua umeme wa Sh10,000 siku ya kwanza, na Sh6,000 inaenda kwenye kodi ya jengo kabla hajawasha hata taa. Kisheria kodi hiyo ni ya mmiliki. Mpangaji akikatwa, anastahili kurudishiwa au kupunguziwa kwenye kodi ya pango, na risiti ya LUKU inaonyesha kiasi kilichokatwa.

Uniti zinazobaki kwenye mita nazo zinabaki na nyumba. Haziwezi kuhamishiwa mita nyingine. Anayekaribia kuhama anunue kidogo kidogo wiki ya mwisho, au wakubaliane na mwenye nyumba azinunue.

Gharama nyingine ya nyumba tupu ni mbu. Tangi lililoachwa na maji bila mfuniko, ndoo uani na matairi ya zamani ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, wanaoeneza homa ya dengue. Mbu hawa huuma mchana, wakati watoto wanacheza nje. Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya dengue, ukiwamo wa 2014 na wa 2019.

Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Mbu huyu hutaga mayai kwenye kingo za chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Tangi linahitaji kusuguliwa kwa brashi, kusuuzwa na kufunikwa. Nyumba ikishakuwa wazi, kazi hiyo ni ya mwenye nyumba. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inahesabu mazalia ya mbu na mrundikano wa taka kuwa kero kwa afya, na majirani wanaweza kumweleza afisa afya wa kata.

Familia inayoingia nayo isikimbilie kunywa. Maji yaliyolala kwenye tangi na mabomba kwa wiki kadhaa yaachwe yatoke kwanza, tangi lisafishwe, na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji.

Saa moja ya kumaliza hesabu

Mengi ya haya yanamalizwa kwa saa moja, siku mbili au tatu kabla ya kuhama, mwenye nyumba na mpangaji wakizunguka nyumba pamoja.

Waanze na mita ya maji. Uniti moja ni lita 1,000. Kama bili ya mwisho iliishia kwenye uniti 412 na siku hiyo mita inasoma 419, mpangaji anadaiwa uniti saba. Mita ipigwe picha, na picha itumwe kwa wote wawili kwenye simu ili tarehe ibaki.

Wafuate LUKU: uniti zilizobaki, na kama kuna deni kwenye mita. Kisha michango ya pamoja: taka imelipwa hadi lini, mlinzi hadi lini, nani anamdai nani. Kisha vifaa: kipi kinaondoka, kipi kinabaki, tundu lipi litazibwa.

Mwisho waandike karatasi moja yenye mistari michache. Tarehe, namba za mita, kiasi kilicholipwa, funguo ngapi zimerudishwa, amana imerudishwa kiasi gani, na maneno kwamba hakuna anayemdai mwenzake. Wote wasaini, na kama kuna jirani au mjumbe wa mtaa karibu, ashuhudie.

Sheria ya Ardhi inakubali upangaji wa muda mfupi ufanywe hata kwa maneno, ndiyo maana familia nyingi hazina mkataba wa karatasi. Hilo haliwaondolei haki. Linawaongezea tu kazi ya kuthibitisha, na hapo ndipo risiti za simu, ujumbe mfupi na picha za mita zinakuwa na thamani.

Wapo wapangaji wanaohama usiku ili kukwepa hesabu. Wanaweza kufaulu kwa mwenye nyumba mmoja, lakini deni la maji huangukia familia inayofuata, ambayo haikuonja hata tone la maji hayo. Wapo pia wenye nyumba wanaoshikilia amana hadi mpangaji achoke kupiga simu. Pesa hiyo mara nyingi ndiyo ilitegemewa kwa sare za shule mpya.

Wakishindwana

Kushikilia friji au godoro la mtoto kwa sababu ya deni la mlinzi huongeza mgogoro juu ya mgogoro. Hatua ya kwanza ni mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mambo mengi ya namna hii huisha kwa kikao kimoja. Ikishindikana, baraza la kata husuluhisha, na linalotoa uamuzi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kama tatizo ni la mtoa huduma, kwa mfano bili ya maji isiyolingana na mita, malalamiko yaanze kwa mamlaka ya maji yenyewe. Mlalamikaji asiporidhika, anaweza kwenda EWURA, inayosimamia huduma za nishati na maji. Masuala ya laini za simu, intaneti na ving'amuzi yako chini ya TCRA.

Kwa wazazi wanaotafuta nyumba sasa, wakati mzuri wa kuyauliza haya ni kabla ya kulipa. Mlinzi yumo kwenye kodi? Taka analipa nani? Dishi linaruhusiwa juu ya bati? Nikihama katikati ya mwezi, mchango unahesabiwaje? Mwenye nyumba akijibu, majibu yaandikwe chini ya mkataba, au yatumwe kwake kwa ujumbe wa simu naye ajibu kuwa amekubali.